Sifa Zisizo Zake

Mtaa wenyewe siku hizi haupo. Pale ulipokuwa ua wa akina Yoldoshev pamesimama jengo refu lenye lifti na mlinzi, na mtu aliyekulia Tashkent ya zamani akipita hapo hujikuta amepunguza mwendo, wala hajui anatafuta nini. Lakini Aprili ile kila kitu kilikuwa bado mahali pake: ukuta wa udongo, lango la buluu, mzabibu uliotambaa juu ya ua mzima, na chini yake kitanda kipana cha mbao ambapo watu wa nyumba ile walikula, walilala wakati wa joto, na waligombana wakati wowote.

Hurshida alikuwa jikoni anakata karoti za pilau mumewe aliporudi kutoka chuoni. Wote wawili walikuwa walimu wa chuo kimoja, idara moja, wakifundisha diplomasia ya umma. Mahkam alikuwa na ofisi yenye dirisha. Mkewe alikuwa na nusu ya meza katika chumba cha walimu, na nusu nyingine ilikuwa ya birika la chai.

“Baba Shoira, wamejibu,” alisema bila kugeuka.

“Nani?”

“Wale wa Amerika.”

Mahkam aliweka mkoba chini. Chuo kile cha Amerika kilikuwa kikimwalika kila mwaka mtafiti mgeni mmoja kutoka nchi zote za Asia ya Kati. Mtu alipewa meza, maktaba, posho, na miezi minane ya kusoma na kuandika bila kusahihisha mitihani ya mtu yeyote. Mahkam alikuwa ameiomba nafasi hiyo zaidi ya mara moja. Idara nzima ilijua kwamba safari hii ni zamu yake. Jambo ambalo idara haikujua, na mkewe hakujua, ni kwamba wiki iliyotangulia walishamwandikia kwa adabu kwamba wamesikitika.

“Wamejibu nini?”

“Wamekubali.”

Moyo ukamruka. Katika muda mfupi ule aliamini kwamba kumbe walikosea, wakatafakari, wakajirudi. “Wamenikubali?”

Hurshida akalaza kisu juu ya ubao. “Wamenikubali mimi, Baba Shoira.”

Hapo Mahkam akakumbuka. Wakati wa baridi mkewe alimletea karatasi kadhaa akamwomba azisome, kwamba naye anafikiria kujaribu. Yeye akasema, “Tutaona.” Karatasi zile akaziweka chini ya zake, na hakuziona tena.

“Hongera,” alisema. Neno lilitoka kavu kama mkate wa juzi. “Ni jambo kubwa. Hongera sana.”

Upande wa pili wa ukuta, mama yake Mahkam, Bi Inoyat, alikuwa amejilaza na magoti yake mabovu. Masikio yake yalichagua ya kusikia. Siku hiyo yalichagua maneno mawili: Amerika, na wamekubali. Mengine hayakuhitajika. Alijifunga kitambaa chake kizuri, akashika mkongojo, akatoka langoni kumtafuta jirani.

*

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Bi Sanobar wa nyumba ya pili aliingia na mkate wa moto ndani ya kitambaa, akambusu Bi Inoyat mashavu yote mawili.

“Umezaa mwana, dada yangu! Wengine tulizaa madereva.”

“Mungu ndiye mtoaji,” alijibu Bi Inoyat, akijitahidi kuonekana mnyenyekevu, na kushindwa. “Haya, Sanobar, keti. Hiyo diplomasia ya umma mwenyewe sijui ni kitu gani, lakini ndiyo imempeleka.”

“Mahkam mwanangu, hebu tuelezee basi,” alisema Bi Sanobar.

Mahkam alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mbao, akigeuzageuza kikombe. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na sinia mkononi, akimtazama, anangoja.

“Ni namna nchi inavyojipendekeza kwa watu wa nchi nyingine,” alisema. “Si kwa marais wao. Kwa watu wa kawaida.”

“Kumbe umbea wa kulipwa!” Bi Sanobar akapasuka kicheko. “Mbona mimi ningefaa! Na wewe Hurshida, mwenzangu, utabaki na nani huku mume akila raha? Kaa macho, hao wa Amerika hawana haya.”

Hurshida aliweka sinia chini. Akapanga zabibu kavu na lozi, akamimina chai, akampa mgeni kwanza, kisha mama mkwe.

Asubuhi yake, Tolkin mchinjaji alimkatia Mahkam kipande cha mafuta ya mkia wa kondoo, akakataa kulipwa. “Kula sasa, mwalimu. Huko wanakula nyasi.” Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, wakampa mikono. Mmoja akauliza posho ni kiasi gani, mwingine akauliza kama anaweza kumpelekea mwanawe kifurushi huko. Mahkam alishukuru, akaitika, akaahidi. Njiani kurudi alijiambia kwamba atasema kesho. Kesho ilipofika, mwenyekiti wa mtaa, Gafur, alimsimamisha mbele ya mkahawa wa chai ili wapigwe picha.

Idarani nako mkuu hakumpongeza mtu yeyote. Yeye aliujua ukweli, maana barua rasmi ilipitia kwake. Alimwita Hurshida, akamwambia kwa sauti ya mtu anayetoa pole, “Mwalimu, umefikiria vizuri? Mumeo anajisikiaje?”

“Hakuniuliza mimi najisikiaje,” Hurshida alimwambia Mahkam jioni hiyo, walipokuwa wawili tu. “Aliuliza wewe.” Kisha akaongeza, “Utawaambia lini watu?”

“Nitawaambia.”

“Sanobar ameniletea sufu nikufumie soksi za Amerika.”

“Nimesema nitawaambia!”

Alipandisha sauti, akaisikia mwenyewe. Hurshida akainuka, akaenda kumpima mama mkwe presha, kama alivyofanya kila jioni kwa miaka yote hiyo.

*

Mwanzoni mwa Mei Bi Inoyat alianguka. Alikuwa anateremka kitandani, kizunguzungu kikamshika, akaenda chini pamoja na birika. Hakuvunjika, lakini daktari aliyekuja na gari la wagonjwa alisema presha imepanda vibaya na kwamba mama huyu asiachwe peke yake hata kidogo.

“Sijaachwa,” alisema Bi Inoyat kwa hasira. “Nina mkwe.”

Daktari alipoondoka, Hurshida alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Alikuwa na siku chache tu za kuwajibu wale wa Amerika.

“Nitakataa,” alisema.

Mahkam alimtazama. Alitaka kusema usikatae. Alitaka kusema Shoira, binti yao aliyeolewa Fergana, anaweza kuja; kwamba yeye mwenyewe ana mikono miwili. Lakini kabla ya maneno hayo kufika mdomoni kilimjia kitu kingine, kitamu na chepesi kama pumzi ya mtu aliyetua gunia. Kilikuwa faraja. Akikataa, hapatakuwa na safari. Pasipokuwa na safari, hapatakuwa na wa kuuliza nani alipaswa kusafiri.

“Kama umeona hivyo,” alisema.

Hurshida akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuliza swali na kujibiwa.

Kesho yake kwenye mkahawa wa chai, Gafur alipomwuliza maandalizi yamefikia wapi, Mahkam alisikia mdomo wake ukisema, “Mwenyekiti, huenda nisiende. Mama haendelei vizuri.”

Gafur akaweka mkono kifuani kwa heshima.

“Mwanaume ni huyu,” alisema.

*

Palikuwa na mchana mmoja wa Jumapili, mama amelala, na wao wawili wapo uani wanachambua cheri za kutengenezea jamu. Kazi ile walikuwa wakiifanya pamoja tangu walipooana, yeye akitoa mbegu kwa pini ya nywele, mkewe akipima sukari kwa jicho. Mzabibu ulikuwa umeshatoa vishada vidogo, vya kijani, vigumu kama shanga.

“Uliandika kuhusu nini?” Mahkam aliuliza.

“Wapi?”

“Zile karatasi. Ulizowapelekea.”

Hurshida alifuta mikono kwenye aproni. Hakumlaumu kwa kutozisoma, na hilo lilimchoma zaidi kuliko lawama.

“Kuhusu ua huu,” alisema.

“Ua gani?”

“Huu. Uliokalia.”

Ndipo akamweleza. Alikuwa ameandika juu ya nyumba za watu wa kawaida zilizopokea wageni wa nje enzi zile za Muungano wa Kisovieti, kwamba serikali ilipanga karamu na hotuba, lakini wageni waliondoka na kitu kingine kabisa, kitu ambacho hakikupangwa na mtu. Na mfano wake wa kwanza ulikuwa ni usiku ule basi lilipoharibika.

“Unaukumbuka?”

Alikuwa anaukumbuka. Kulikuwa na tamasha la filamu, wageni wamejaa mji kutoka Asia na Afrika, na wanafunzi wa lugha wamegawiwa vikundi vya kutafsiria. Mahkam alikuwa kijana mwembamba, amevaa tai ya kuazima. Basi lililobeba vikundi viwili lilizimika karibu kabisa na mtaa huu wakati watu wanatakiwa kwenye karamu ya waziri. Dereva akaingia chini ya gari, hakutoka. Wageni wakaanza kuona njaa. Yule msichana wa kikundi cha pili, mwenye nywele zilizosukwa hadi kiunoni, akamgeukia: “Si umesema kwenu ni hapa?” Na kabla hajajibu, msichana akaongoza msafara.

Bi Inoyat aliwaona wageni wakimwagika langoni, akampiga mwanawe kofi la mgongo kwa kutomwambia mapema, akatia sufuria motoni. Alikuwapo mpiga picha wa Guinea ambaye miguu yake mirefu haikukunjika, akala chakula amejilaza kama sultani. Alikuwapo mwigizaji wa Ceylon, mama mtu mzima mwenye dhahabu puani, aliyekataa kukaa na badala yake akaenda kuosha vyombo. Mtu mmoja akachuma zabibu mbichi, na Bi Inoyat akamfokea: “Wewe, mkono wako una wazimu? Hizo ni za Agosti!” Msichana wa nywele ndefu akatafsiri bila kupepesa macho: “Mama anasema, ziache ziive, ili uwe na sababu ya kurudi.” Yule mgeni akaishika mikono ya Bi Inoyat, akalengwalengwa na machozi. Bi Inoyat hakuelewa fokeo lake limegeukaje kuwa baraka. Wageni walipoondoka alimvuta mwanawe pembeni. “Yule binti ni wa nani?”

“Waziri alisema nini usiku ule?” Hurshida aliuliza.

“Hata hatukufika.”

“Waliofika wanakumbuka alichosema?”

Mahkam alicheka. Alikuwa hajacheka kwa wiki kadhaa. Kisha kicheko kikamkatikia njiani, kwa sababu aliutazama uso wa mkewe, akamwona yule msichana pale pale alipokuwa, ameinamia cheri, na rangi nyekundu imempanda hadi viwikoni. Alikuwa ameishi naye ndani ya jambo hilo miaka yote. Kila mwaka aliwafundisha wanafunzi nadharia za watu wa mbali, na hata mara moja hakuwaambia juu ya zile zabibu.

“Ni kitu kizuri,” alisema. “Ulichoandika.”

“Hujakisoma.”

“Sijakisoma,” alikubali.

*

Ijumaa yake palikuwa na harusi kwa Tolkin mchinjaji, na kama desturi, wanaume waliitwa kwenye pilau ya alfajiri. Meza zilipangwa barabarani mbele ya lango, zumari za zurna zikalia, mvuke ukapanda kutoka kwenye masufuria makubwa na kuchanganyika na ubaridi wa asubuhi. Mahkam aliwekwa karibu na wakubwa. Kabla ya hapo, siku zote alikaa katikati, na wale wanaosahauliwa chai.

Gafur alisimama kumtakia heri bwana harusi. Alikuwa mtu mzuri, Gafur, isipokuwa hakujua kukaa akishasimama. Alisema juu ya ndoa, akasema juu ya usafi wa mifereji, kisha akamgeukia bwana harusi.

“Kijana, unataka kujua mwana ni nini? Mtazame Mwalimu Mahkam. Ameitwa Amerika! Wasomi wa nchi nzima wanaitamani nafasi hiyo, amepewa yeye. Na amefanyaje? Ameiacha. Ameiacha kwa ajili ya mama yake! Sasa huyo ndiye wa kuigwa.”

Wazee wakaitikia. Mtu akampiga Mahkam bega. Sinia la pilau likasogezwa upande wake, na Tolkin mwenyewe akachagua kwa vidole kipande kinono cha nyama, akakiweka mbele yake.

Mahkam alikitazama kile kipande cha nyama. Nyumbani, wakati huu, mkewe alikuwa ameshaamka, ameshafagia mbele ya lango, ameshampa mama dawa. Jana yake alisema ataandika leo kuwajulisha kwamba haendi.

“Si mimi,” alisema.

“Unasemaje, mwalimu?”

Alisimama. “Nasema si mimi. Aliyepewa nafasi ni mke wangu. Mimi niliomba, hawakunitaka. Yeye aliomba, wamemchukua.”

Zurna zilikuwa bado zinalia upande ule.

“Na kuhusu mama,” akaendelea, “mimi sijaacha kitu. Nina kitu gani cha kuacha? Anayeacha ni yeye. Mlinisifia, nikanyamaza. Nimenyamaza mwezi mzima.”

Gafur akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akikaa bila kuombwa.

Tolkin ndiye aliyejibu kwanza. “Kwa hiyo mwalimu, akienda, soksi atafua nani?”

Kicheko kikalipuka meza nzima, kikasambaa hadi kwa vijana wa sahani. “Tutakuona na ufagio langoni!” “Usisahau kuinama ukitusalimu, bibi harusi!” Masikio ya Mahkam yaliwaka moto. Alitaka kuondoka. Badala yake alikaa, akala kile kipande cha nyama, maana kilikuwa kimeshawekwa, na kuacha chakula cha harusi kungekuwa kuwatukana wenyeji. Hakikuwa na ladha yoyote. Mzee mmoja wa kando yake, fundi viatu ambaye hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu, alimmiminia chai bila kumtazama.

*

Alimkuta Hurshida amekaa mbele ya kompyuta kwenye kitanda cha mbao, miwani puani.

“Usiwaandikie,” alisema akihema. “Waandikie kwamba unakwenda. Nimeshawaambia watu wote.”

Alitegemea atainuka, labda atalia. Hurshida alivua miwani.

“Baba Shoira, ulisema nikatae, nikakubali. Sasa unasema niende, nikubali pia?”

“Sikusema ukatae.”

“Ulisema, kama umeona hivyo. Nilikuwa nakungoja useme usione hivyo.”

Mahkam aliketi. Alivua kofia yake nyeusi, akaishika magotini. Kuku wa jirani walikuwa wanaparua nyuma ya ukuta.

“Unataka kwenda?” aliuliza.

Ni hapo tu machozi yalipomtoka mkewe, kimya kimya, akayafuta kwa ncha ya kitambaa. “Nataka,” alisema. “Nataka mpaka naona aibu. Nataka kukaa mahali ambapo mtu ataniuliza ninafikiri nini, halafu angoje jibu.”

“Nani anakwenda wapi?” Bi Inoyat alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo wake. Safari hii masikio yalikuwa yamechagua yote.

Waliyoyasikia hapo hayahitaji kurudiwa neno kwa neno. Alianza na mwanawe, kwamba amemfanya mwongo mtaa mzima, amekula mkate wa Sanobar bure. Kisha akamgeukia mkwe. “Na wewe! Nani atanipima presha? Huyu? Huyu hajui hata chumvi inakaa wapi!”

“Atajifunza, mama,” alisema Hurshida. “Shoira naye atakuja wakati wa likizo. Lakini usiponiruhusu, sitakwenda.”

“Usinitupie mimi! Eti nisiporuhusu. Ili niwe mama mkwe mbaya wa kwenye tamthilia?”

Akaingia ndani, akafunga mlango. Kwa siku kadhaa hakuzungumza na yeyote kati yao. Hurshida aliwaomba wale watu muda kidogo zaidi, wakampa.

Zilikuwa siku ndefu. Idarani walimu wawili walinyamaza Mahkam alipoingia. Langoni, alipotoka kufagia kwa mara ya kwanza, akinyunyiza maji kwanza kama alivyomwona mkewe akifanya, mke wa Tolkin alisimama kabisa kumtazama, akamwita na wifi yake. Alifagia hadi mwisho. Aliacha vumbi kwenye kona, Hurshida akalifagia baadaye bila kusema.

Kisha siku moja alimpeleka mama yake kliniki. Walikaa kwenye benchi pamoja na mabibi wengine, na Mahkam akaenda dirishani kuchukua namba. Aliporudi alimsikia mama yake akizungumza na mwanamke asiyemjua, kwa sauti ya kusikika hadi mapokezi.

“Mkwe wangu ameitwa Amerika. Profesa! Si mwanangu, mwanangu hawakumtaka. Mkwe. Nilimchagua mwenyewe, kwa macho yangu haya, kabla huyu hajajua hata kumsalimia.”

“Na utamwachia aende?”

“Kwa nini nisimwachie? Mimi ni mtu wa zamani sana?”

Mahkam alibaki amesimama na karatasi ya namba mkononi, akimwangalia ukutani daktari wa bango, akijifanya anasoma habari za mafua.

*

Hurshida aliondoka mwishoni mwa Agosti, zabibu zikiwa zimeiva hadi zinadondoka zenyewe. Kwenye uwanja wa ndege Mahkam alimshikia mkoba hadi mahali alipoambiwa asipite, na wote wawili, watu wazima wenye mvi, hawakujua waagane vipi mbele ya watu. Mwishowe alimwekea sawa kola ya koti.

Ilikuwa miezi migumu, na baadaye wote waliikumbuka kama miezi mizuri. Mahkam aliunguza supu, akatia sukari palipotakiwa chumvi, akafua kitambaa cheupe cha mama yake pamoja na soksi kikatoka rangi ya majivu. Bi Inoyat alimfundisha akiwa amelala: kata vitunguu vyembamba, vyembamba zaidi, unakatia ng’ombe? Katika kazi hizo alianza kumsimulia mambo ambayo hakuwahi kumwambia, jinsi babake alivyomchumbia, jinsi tetemeko lilivyoangusha nyumba za jirani na wao wakalala mahemani mwezi mzima wakicheka. Mahkam alimpima presha asubuhi na jioni. Mtaani walimtania hadi utani ukachakaa. Tolkin alikuwa wa mwisho kuacha, siku moja alimfungia nyama, akauliza, pasipo mzaha wowote, “Mama mwalimu anaendeleaje huko?”

Mahkam naye aliomba tena nafasi ile, akakataliwa tena, na safari hii alimwambia mkewe siku hiyo hiyo kwenye simu. Wakaangua kicheko, yeye huku na yeye kule, mpaka Bi Inoyat akadai aambiwe nani amekufa.

Hurshida alirudi mwezi wa Mei. Alikuwa amekata nywele, na alitembea kama mtu aliyezoea kwenda mahali peke yake. Mahkam alikuwa amepika pilau mwenyewe, amefagia ua, ametandika kitambaa juu ya kitanda cha mbao. Bi Sanobar alikuwapo, Gafur alikuwapo na hotuba mfukoni, na Bi Inoyat alikuwa ameegemezwa mito mahali pa heshima, kitambaa chake cha rangi ya majivu kichwani, maana alikataa kukitupa.

Hurshida alibusu mkono wa mama mkwe, akavua viatu, na kwa mazoea ya maisha yake yote akanyoosha mkono kulishika birika.

“Acha,” alisema Bi Inoyat.

Alilivuta birika mwenyewe. Mfuniko ukagongagonga, na Mahkam alipoinuka kumsaidia, mama alimtazama kwa jicho lililomkalisha. Bi Inoyat alikisogeza kikombe, akamimina chai ndani yake kidogo tu, chini ya nusu, kama anavyomiminiwa mtu ambaye hutaki aondoke upesi, akaweka mkono wa kushoto kifuani, na kwa mkono wa kulia akampa mkwe wake.